Haki ya Mchinjaji

Nyumbani kwetu Bungu baba yangu alifuga kuku, lakini hakuwahi kuchinja hata mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa, kisu alikuwa nacho na mikono yake ilikuwa mizima. Lakini nusu ya majirani zetu walikuwa Waislamu, na mgeni angeweza kuwa yeyote, kwa hiyo kuku wetu walichinjwa na Mzee Shabani wa nyumba ya chini ya barabara. Chakula kikiiva, kabla baba hajanawa mikono, paja moja lilifunikwa kwenye bakuli na kupelekwa kwa Mzee Shabani. Tuliliita haki ya mchinjaji. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo kwa maneno, na hakuna aliyewahi kuliuliza.

Siku walipokuja kutuandikisha mgambo tulikuwa tunakula kuku wa namna hiyo. Nilikuwa nimerudi kutoka Kerenge kuuza viazi, magoti yananiuma kwa kupanda mlima, na mama alikuwa ananisema kwamba nimekonda. Redioni walikuwa wamekwisha kutangaza kuwa majeshi ya Uganda yameingia Kagera. Mwenyekiti wa kijiji alipiga hodi, akakaribishwa, akanawa, akala, ndipo akasema kilichomleta. Vijana walitakiwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, sina mke, na mwaka ule nilikuwa nimeokoka kwa kishindo. Nilimshuhudia kila niliyekutana naye: sokoni, kwenye mashine ya kusaga, hata mtu aliyeinama njiani kufunga kamba za viatu hakusalimika. Nikasema nitakwenda, na nitawapelekea askari Neno.

Baba alitafuna kwanza akamaliza. "Huko usiwachoshe watu, Zakayo," alisema. "Ishi nao tu."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimekwisha kumwahidi mchungaji wangu kwamba sitarudi mikono mitupu.

Athumani nilikutana naye kwenye mafunzo. Alikuwa Mzigua wa Mkata, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja au miwili, aliyekulia kando ya barabara kuu akiwauzia abiria wa mabasi mihogo ya kuchoma pamoja na mama yake. Mdomo wake ulikuwa mwepesi kwa sababu ya biashara hiyo. Yeye akiongea Kizigua na mimi Kishambaa tulielewana bila shida, na huko ugenini hilo lilitosha kuwafanya watu wawili kuwa ndugu. Tulilala pamoja, tukachimba handaki moja, na nikamhubiria kila siku ya Mungu.

"Ndugu yangu," aliniambia siku moja tukiwa tumekwisha kufika Kagera, "ulianza kunihubiria tukiwa kambini. Tumepanda treni unahubiri, tumepanda lori unahubiri. Hebu mwache na Mungu mwenyewe aseme kidogo."

Wenzetu wakacheka. Lakini Athumani hakuwa mtu wa mzaha tu. Jioni ile, tukisafisha bunduki, aliniuliza swali ambalo sijalisahau.

"Huyo mtu wenu aliyeokoka, anasema kweli siku zote?"

"Aliyeokoka hasemi uongo," nilimjibu. Nilimjibu haraka, bila hata kuinua macho.

"Basi hilo ni zuri," alisema. "Hilo ningependa kuliona."

Tulivuka mpaka wa Uganda wakati wa mvua. Vita, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ni kutembea kwenye matope na kungoja. Vijiji tulivipita vikiwa vitupu, milango wazi, nguo kwenye kamba. Watu walikuwa wamekimbilia porini na kuacha mbuzi na kuku wao. Athumani ndiye aliyekuwa mchinjaji wa kundi letu. Mbuzi akipatikana aliitwa yeye, akasoma bismillahi yake na kukata, kisha nyama ikiiva alinyoosha mkono na kudai paja lake mbele ya watu wote. Hata huko Mkata desturi ilikuwa hiyo hiyo. Alisema vita isiwe kisingizio cha kumdhulumu mchinjaji.

Kisha homa ikamshika. Dawa alipewa, akazitapika. Waislamu wengine wawili wa kundi letu walikuwa wamehamishiwa mbele, na chakula kilikuwa ndizi za kuchemsha zisizo na chumvi, na nyama za makopo. Ndizi hazikukaa tumboni. Za makopo aliuliza zimechinjwa na nani, na kwa kuwa hakuna aliyejua, akazisukuma pembeni. Siku ya nne macho yake yalikuwa yameingia ndani na midomo imepasuka. Nilimwombea kwa sauti, mkono wangu kwenye paji la uso wake. Hakunikataza. Alisema tu kwamba mkono wangu una baridi, niuache hapo.

Mchana wa siku ile tulitumwa watu wanne kuchungulia kijiji kilichokuwa ng'ambo ya bonde. Afande alitaka kujua kama adui amekirudia.

Tuliingia tukiwa tumetawanyika. Mimi nilipewa nyumba ya mwisho, yenye bati, karibu na migomba.

Ndani hakukuwa na mtu.

Chini ya kitanda kulikuwa na kuku jike ameatamia. Aliponiona alianza kulalama, na sauti yake ilijaa nyumba nzima.

Huko nje, mahali fulani nyuma ya migomba, nilisikia mtu akikohoa. Hakuwa mwenzetu.

Nilimshika kuku, nikamkata shingo kwa kisu changu.

Nililala sakafuni nikiwa nimemkumbatia yule kuku, damu yake ikiingia kifuani mwangu, mpaka nyayo zikapita na kwenda mbali. Sijui ilikuwa muda gani. Baadaye mwenzangu mmoja alipiga mluzi tuliokubaliana, tukarudi tukiinama hadi bondeni. Tulimweleza afande kwamba adui yupo na anapitapita. Kuku alikuwa ndani ya shati langu, na ni hapo tu, wakati wa kumtoa, nilipokumbuka kwamba ningemleta akiwa hai Athumani angeweza kumchinja mwenyewe hata akiwa amelala. Lakini akiwa hai nisingefika.

Nilimpika. Supu ilinukia, na Athumani akageuza kichwa.

"Kachinja nani?"

Ningeweza kusema ni mimi. Nimelifikiria jambo hili karibu kila siku ya maisha yangu, na sina cha kujitetea. Nilimpenda, nilitaka ale, niliogopa atakufa kabla ya asubuhi. Hayo yote ni kweli. Lakini chini yake kulikuwa na kingine: nilitaka aone jinsi Mkristo anavyompenda mtu.

"Kuna mzee mmoja Muislamu amebaki kule kijijini," nilisema. "Nyumba ya mwisho, ya bati, karibu na migomba. Nimemwomba akanichinjia."

"Kasoma?"

"Kasoma. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Alikunywa supu yote. Alikula nyama polepole akilamba vidole, na haikurudi. Kisha nikaona machozi yanamtoka.

"Umekwenda mpaka walipo maadui ili mimi nile halali," alisema. "Zakayo, tukirudi salama nitapanda huko kwenu Bungu. Nitakaa kanisani kwenu nisikilize. Siahidi kitu kingine. Nitasikiliza tu."

Nilitoka nje nikasimama kwenye matope nikimshukuru Mungu. Ndiyo aibu yangu kubwa, kwamba nilishukuru. Nikarudi ndani kumfunika, naye akauliza akiwa amekwisha kufumba macho:

"Yule mzee umempa haki yake?"

"Nimesahau," nilisema.

"Si vizuri," alisema, akalala.

Niliazimia kumwambia ukweli atakapopata nguvu. Alfajiri nilikuwa zamu ya ulinzi upande wa barabara, na kulipokucha nilirudi kwenye handaki nikakuta nafasi yake tupu. Homa ilikuwa imemwachia. Mwenzetu aliyekuwa anachemsha maji aliniambia Athumani ameamka akiwa na furaha, amechukua paja lililobaki, amelifunga kwenye jani la mgomba.

"Kasema anampelekea mzee haki yake. Kasema anarudi sasa hivi."

Nilikimbia.

Bonde lilikuwa na ukungu na sikuona mbele. Lakini sauti nilizisikia vizuri, kwa kuwa hakukuwa na upepo.

"Hodi!" Ilikuwa sauti yake. Sauti ya mtu wa Mkata anayepiga hodi kwa watu waungwana. "Hodi, mzee!"

Kwetu hodi hupigwa mara tatu.

Ya tatu haikuja. Zilikuja risasi.

Tulimchukua baada ya wenzetu kuwafukuza wale waliokuwa wamejificha kwenye migomba. Alikuwa mbele ya mlango wa nyumba ya bati. Jani la mgomba lilikuwa mkononi bado limefungwa, kwa uzi aliouchomoa kwenye shati lake. Afande aliuliza kwa sauti, mbele yetu sote, nini kilimtoa mtu huyu handakini.

"Sijui, afande," nilisema.

Walikuja Waislamu kutoka kikosi kingine wakamswalia, tukamzika mlimani, upande wetu wa bonde. Mimi nilibeba kofia yake na tasbihi.

Vita ilipokwisha nilishukia Mkata kabla ya kupanda kwetu. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa bado mwanamke mwenye nguvu, na nilimkuta kwenye jiko lake la mihogo kando ya barabara. Habari alikuwa nazo. Alipokea tasbihi na kofia, kofia akaiweka mapajani, akanikaribisha kiti kwanza, maji baadaye, na hakulia mbele yangu. Zaina, dada yake Athumani, alisimama mlangoni na kitambaa mdomoni.

"Mwisho alikula nini?" Bi Mwanaidi aliniuliza.

"Kuku, mama."

"Alishiba?"

"Alishiba."

"Nani alimchinjia?"

Nikamsimulia habari za mzee. Ningewezaje kumwambia mama aliyeweka kofia mapajani kwamba mwanawe alikufa akimpigia hodi mtu ambaye hakuwahi kuwepo? Nilimpa yule mzee kanzu. Nilimpa na kikohozi. Nilisema Athumani alifika kwake, akampa paja lake, akaombewa dua, na alipigwa risasi wakati anarudi. Bi Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho, akasema alhamdulillahi, mwanangu alikufa akitoka kutimiza wajibu. Hapo ndipo alipolia.

Kila mwaka alisoma hitima ya mwanawe, na kila mwaka aliniita. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwinjilisti wakati huo, nikitumikia mitaa ya Korogwe, bondeni na milimani. Nilisafiri hadi Mkata nikiwa na kabichi na mapeasi ya kwetu, tukakaa mkekani na shehe na majirani. Kuku walichinjwa. Na chakula kilipopakuliwa, Bi Mwanaidi alitenga paja moja kwenye bakuli peke yake. Alisema hilo ni la mzee wa Uganda. Kisha, kwa kuwa mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kumwona yule mzee, alinipa mimi nile kwa niaba yake.

Nililila. Miaka yote hiyo nilikaa mbele ya watu hao nikalila paja lile mpaka mfupa.

Na si hilo tu. Kisa kile kilikuwa kizuri mno kukaa nacho kimya. Nilikisimulia mara ya kwanza kwenye mkutano wa vijana Kerenge, na watu walilia. Baada ya hapo niliombwa kukisimulia kila nilipokwenda: Mkristo aliyepita katikati ya maadui ili ndugu yake Muislamu ale halali. Nilisema kuhubiri ni kutenda. Nilisema mshuhudieni Kristo jikoni, shambani, kwenye bakuli mnalompelekea jirani. Maneno yenyewe hayakuwa mabaya, na baba yangu, Mungu amrehemu, aliyatenda bila kuyasema. Lakini wako watu waliobatizwa baada ya kukisikia kisa kile. Mpaka leo nikikutana nao Korogwe mjini wananishika mkono kwa mikono miwili, nami nashindwa kuwatazama sawasawa.

Huko Mkata nako Bi Mwanaidi alikisimulia kwa namna yake. Siku moja vijana walitaka kuvunja mkutano wetu wa injili mnadani, akatoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mbele yao. "Huyu alimtafutia mwanangu mchinjaji katikati ya risasi," aliwaambia. "Nyie mmemtafutia nani nini?" Wakaondoka. Nami nikapanda jukwaani nikahubiri.

Mwaka juzi nilimkuta amelala kitandani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, na mikono yake iliyozoea moto ilikuwa myepesi. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa karibu." Alipapasa mpaka akanipata. "Mwakani sitafika, Zakayo. Kuna jambo sikuwahi kukuuliza, nilidhani litakuumiza. Yule mzee anaitwa nani? Miaka yote namwombea kama mtu asiye na jina. Nataka safari hii nimtaje."

Jina lilinijia. Nasema kweli, lilinijia lenyewe, jina zuri kabisa la Kiislamu, nikalisikia limefika kwenye ulimi. Kutoka uani kulikuwa na harufu ya mchuzi, na Zaina alikuwa anapakua.

"Hakukuwa na mzee, mama," nilisema.

Nikamwambia yote. Kuku chini ya kitanda, kisu changu, uongo wangu, jani la mgomba, hodi mbili. Nilimwambia hata kile nilichokuwa sijamwambia mke wangu, kwamba usiku ule nilishukuru. Mkono wake haukuondoka kwenye wangu, lakini ulikuwa umeacha kunishika. Ulikuwa umelala tu hapo.

"Kwa hiyo aliipigia hodi nyumba tupu," alisema mwishoni.

"Ndiyo, mama."

"Kuku hana neno. Yeye hakujua, Mungu hamuulizi. Na wewe ulichinja kwa kumwonea huruma, na hilo nalo halina neno." Alipumzika, akavuta pumzi. "Ungemwambia, Zakayo. Angekataa kula. Angekutukana, namjua mwanangu. Angekaa na njaa yake humo handakini mpaka asubuhi."

Nilimvutia shuka mabegani.

"Mimi langu nimekusamehe. Nimezeeka, siwezi kwenda nalo huko. Lakini la kwake ni lake. Siwezi kulisamehe mimi."

Zaina aliingia na sinia, na juu ya sinia lilikuwepo lile bakuli. Bi Mwanaidi alisikia harufu, au labda alijua tu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote.

"Hilo paja la pembeni," alisema, "rudisha chunguni."

Zaina alinitazama. Nilitazama chini. Alilichukua bakuli akatoka nalo, na nilisikia mfuniko wa chungu ukifunguliwa na kufungwa.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani Kerenge nikasema ukweli, kwa maneno machache. Hakuna aliyelia. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alinivuta pembeni akaniuliza kulikuwa na haja gani, wakati kisa kile kilileta watu kwa Bwana. Mwanamke mmoja, aliyebatizwa kwa sababu ya kisa hicho akiwa msichana, alipita mbele yangu bila kunisalimu, na sikumlaumu. Mikutanoni siitwi tena. Nimestaafu sasa, na imani yangu ninayo bado, lakini naibeba kwa adabu zaidi kuliko zamani.

Bi Mwanaidi alifariki kabla ya mwaka kuisha, kama alivyosema. Nilikwenda kuzika. Zaina alinipa jembe, nikarusha udongo kama wengine. Mwaka huu tena alinipigia simu kunialika kwenye hitima, ya wawili sasa, nikakaa mkekani nikala wali na mchuzi kama wageni wote. Athumani angekuwa babu leo. Angekuwa amepanda Bungu siku moja, amekaa benchi la nyuma, amesikiliza, na huenda angetoka akiwa Muislamu vilevile, ananitania njia nzima. Ningekubali hivyo. Ningekubali asinisikilize kabisa.

Nami nafuga kuku. Mzee Shabani alikwisha kufa zamani. Siku hizi anachinja mjukuu wake, Hamisi, mtu mzima mwenye watoto wake. Chakula kikiiva wajukuu wangu wanagombania kulipeleka bakuli, nami nawakatalia. Nalichukua mwenyewe, nashuka na fimbo yangu mpaka ile nyumba ya chini ya barabara, napiga hodi. Kisha nasimama pale na bakuli langu mkononi, siondoki, mpaka nimwone mtu ametoka.